Jina Lililobaki Kwenye Koneksheni

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama ilivyo kawaida ya gari la kituo siku unayolihitaji, kwa hiyo Inspekta Auleria Kamugisha alifika Sinza kwa bodaboda, kofia imemvuruga nywele na moyo haujatulia. Afande Albano, mkuu wake wa upelelezi, alikuwa amempa hadi saa tisa alasiri. Saa tisa jalada lingekwenda kwa wakili wa serikali likiwa na neno mauaji, na mauaji hayana dhamana. Mtu akishaingia mahabusu kwa kosa hilo, mtoto aliyemwacha anatambaa anaweza kuanza shule baba hajarudi.

Mtu mwenyewe alikuwa Mbwana Mwinjuma, mtaalamu wa maabara katika Hospitali ya Tumbawe, Temeke. Ijumaa mchana kompyuta ya hospitali iliandika kwamba mama mjamzito aitwaye Loveness Stephano ana damu ya kundi B. Loveness alikuwa na kundi O. Alipasuliwa kwa dharura, akapoteza damu nyingi, hapakuwa na muda wa kurudia vipimo, akawekewa damu ya B. Kabla ya magharibi alikuwa amefariki. Mtoto alipona. Kumbukumbu za ndani za mfumo, zile ambazo hakuna mtu hospitalini anayezifungua mpaka polisi waje, zilionyesha kuwa aliyethibitisha lile kundi B ni Mbwana.

Tena Mbwana aliwahi kutaka kumwoa Loveness. Familia zote mbili zilikataa, huku wakisema binti ni Mkristo, kule wakisema kijana ni Mwislamu, na Loveness akaolewa na mwingine. Afande Albano aliposikia hayo alifunga jalada kama mtu aliyekwisha kula. Auleria hakushiba.

Kilichomkera ni kitu kimoja. Kila Ijumaa Mbwana huenda msikitini, na mwenzake Gibson humshikia kazi. Jumapili Gibson huenda kanisani, Mbwana naye humshikia. Kila mtu pale Tumbawe analijua hilo, hadi muuza maandazi wa getini. Na lile kundi B liliandikwa wakati huohuo wa kutoka. Mbwana alidai alishaondoka. Lakini alichelewa, akaswali barabarani juu ya mkeka na watu asiowajua, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba alimwona.

Kampuni iliyotengeneza mfumo ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya baa iliyokuwa ikijaribu spika mpya. Mwenye kampuni, Brightson, alikuwa mwanamume mwenye shati safi na viatu visafi zaidi. Pembeni yake, nyuma ya kompyuta mpakato, alikaa mtaalamu wake wa programu, dada mwembamba aitwaye Lusungu, ambaye tangu Auleria aingie hakuwa amebonyeza kitu chochote.

"Afande, sisi tulishatoa ripoti," alisema Brightson. "Mbwana aliingia kwa pasiwedi yake. Mfumo ukaandika jina lake. Sasa hapo kuna ishu gani?"

"Aliingia asubuhi?"

"Asubuhi, na mara nyingine kabla ya mchana."

"Na hilo kundi la damu likaandikwa na Mbwana."

"Ndivyo kanzidata inavyosema."

"Kanzidata imelijuaje jina lake?"

Brightson alicheka kidogo. "Nimeshakwambia, pasiwedi."

"Umeniambia alivyoingia kwenye programu. Mie nauliza jina limetokaje kwenye programu likafika kwenye kanzidata. Kuna kitu hapo katikati. Sipo kwenye kitengo cha mitandao kwa ajili ya kupambwa, braza."

Lusungu aliinua macho, akayashusha haraka. Auleria aliliona hilo, akavuta kiti akakaa mbele ya yule dada, mgongo wake ukamwelekea bosi.

"Katikati kuna nini, Lusungu?"

"Draiva," alisema Lusungu kwa sauti ndogo. "Kijiprogramu kinachobeba maneno hadi kwenye kanzidata."

"Mlichagua draiva gani?"

"Lusungu," alisema Brightson, "angalia maneno yako."

"Na wewe angalia yako," alisema Auleria bila kugeuka. "Kuna mtu yuko ndani tangu Jumamosi. Dada, endelea."

Mwanzo, alisema Lusungu, walitumia ODBC, njia ya miaka mingi. Kila kompyuta hospitalini ilifungua koneksheni yake yenyewe kwenda kwenye kanzidata, kwa jina la mtu aliyeikalia. Ilikuwa salama lakini ilikuwa goigoi. Umeme ukikatika, kompyuta zote zinaanza kugonga mlango mmoja kwa pamoja, na wagonjwa dirishani wanaanza kutukana. Kisha hospitali ikataka wauguzi wa wodini watumie vishikwambi, na ile njia ya zamani kwa vishikwambi haikufaa. Ikabidi wachague upya.

"Mie nilipendekeza maabara wabaki na njia ya kila mtu koneksheni yake," alisema. "Wodini ndo tuweke ya bwawa. Bosi akasema tuweke ya bwawa kote. Ina kasi. Na kweli ina kasi."

"Bwawa ni nini? Niambie kama unamwambia shangazi yako."

Lusungu alifikiri. "Chukulia kuna makoti ya maabara machache yametundikwa ukutani. Kila mtu akitaka kuandika kitu kwenye kanzidata, anavaa koti moja, anaandika, anarudisha. Anayefuata analivaa hilohilo lililorudishwa mwisho. Ndiyo maana ni haraka, hakuna anayeshona koti jipya. Sasa kanzidata ni kama mlinzi. Haangalii sura, anasoma beji iliyo kifuani."

"Na beji anabandika nani?"

"Programu yetu. Mtu akiingia na pasiwedi yake, tunabandika jina lake kwenye koti atakalovaa."

"Akirudisha koti?"

Spika ya baa ilipiga kelele chini, ikanyamaza. Lusungu alimtazama bosi wake, kisha akaamua.

"Ile draiva ya zamani ilikuwa haina tabu, mtu akitoka na koti lake linakufa. Hii mpya inataka wewe mwenyewe uandike amri ya kubandua beji. Mie nilidhani aliyeweka bwawa ameandika. Aliyeweka bwawa akadhani nimeandika mie. Jana usiku ndo nimeangalia. Haipo."

"Kioo cha kompyuta kinaonyesha jina sahihi!" Brightson alifoka. "Gibson akiingia anaona Gibson!"

"Kioo, ndiyo," alisema Lusungu. "Kumbukumbu za ndani zinasoma beji. Na hakuna mtu aliyewahi kuzifungua, bosi. Hata sie."

Hili lingeweza kumtoa Mbwana, na lingeweza pia kuchekwa mahakamani hadi lifukuzwe. Afande Albano asingeelewa habari za makoti. Auleria alitaka kuona kwa macho. Alisimama, akamwambia Lusungu achukue kompyuta yake, na Brightson akaambiwa asiguse kitu chochote kwenye seva mpaka polisi waseme. Brightson akaanza kupiga simu. Alikuwa anapiga kwa mwanasheria wake.

Walivuka mji hadi Temeke kwa bodaboda mbili. Auleria alitazama saa kwenye kila foleni, jambo lisilosaidia foleni kusogea.

Maabara ya Tumbawe ilikuwa chumba kirefu chenye kompyuta mbili na harufu ya spiriti. Gibson alikuwepo, kijana mnene mpole, amevaa glavu. Alimkaribisha afande kwa unyenyekevu, akampa kiti. Jumamosi, alipohojiwa mara ya kwanza, alisema maneno machache tu: kompyuta imeandika Mbwana, basi ni Mbwana, na yeye anamwachia Mungu.

Auleria alimwita pia Bi Chausiku, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama wa makamo mwenye sauti ya kunyamazisha korido nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwachia yule kijana?"

"Bado. Nataka unisaidie nimwachie."

Lusungu alimfungulia Auleria akaunti ya muda kwenye mfumo. Jaribio lenyewe lilikuwa dogo. Auleria angeingia kwenye kompyuta ya maabara kwa jina lake, atoke. Bi Chausiku, kule wodini, angeandika joto la mgonjwa kwenye kishikwambi chake. Kisha wangefungua kumbukumbu za ndani waone zimemtaja nani.

Auleria akaingia, akatoka. Bi Chausiku akaandika joto. Lusungu akafungua kumbukumbu.

Zilisema Chausiku.

Wakarudia. Zikasema Chausiku. Wakarudia tena, na Lusungu akaanza kuuma kucha. "Labda nimekosea," alinong'ona. "Labda amri ipo mahali sikuiona." Gibson, kule kwenye meza yake, aliacha kupanga vichupa akawa anasikiliza.

Simu ya Auleria ililia. Afande Albano. "Wakili anaulizia jalada," alisema. "Una kitu?"

"Nipe muda kidogo, afande."

"Muda nimekupa tangu asubuhi." Akakata.

Auleria aliingia mwenyewe wodini. Bi Chausiku alikuwa amesimama kando ya kitanda, kishikwambi mkononi, amekasirika kwa niaba ya watu wengi.

"Mama, kila nikikuomba uandike, unafanyaje?"

"Naingia na pasiwedi yangu, naandika."

"Kila mara unaingia upya?"

"Si ndivyo walivyotufundisha? Nikiweka kishikwambi chini, nafunga. Nikikiokota, naingia upya."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kila akiingia upya, beji mpya inabandikwa juu ya ile ya zamani. Auleria alisimama pale akiwa na hasira na nafsi yake. Wakati wote huo walikuwa wanajaribu jambo ambalo Ijumaa halikutokea.

"Mama, Mbwana na Gibson wakishikiana kazi Ijumaa, wanafanyaje? Nielezee hatua kwa hatua, kama umesimama pale."

"Gibson anakuwa ameshakaa kwenye kompyuta yake tangu asubuhi, hatoki wala haingii. Mbwana yeye ni mtu wa adabu, mwanangu. Hawezi kumwachia mwenzake viporo. Akishanawa udhu anarudi, anafungua kompyuta yake tena, anahakikisha vyote vyake vimekwisha, anafunga, ndipo anasema nishikie ndugu yangu. Kila Ijumaa. Tunamtania, tunamwambia adhana itakukuta na kipanya cha kompyuta mkononi."

Auleria alirudi maabara karibu na kukimbia.

Safari hii Bi Chausiku aliingia kwenye kishikwambi kwanza, akakiacha wazi. Baada yake Auleria akaingia kwenye kompyuta ya Mbwana, akatazama vitu viwili vitatu kama mtu anayehakikisha kazi yake, akafunga, akanyanyuka. Akamwashiria Lusungu, Lusungu akapiga simu wodini. "Mama, andika sasa. Usifunge, usiingie upya. Andika tu."

Walisubiri. Lusungu alifungua kumbukumbu za ndani, akasoma, akamgeuzia Auleria kioo.

Mama wa kitanda cha dirishani alikuwa amepimwa joto. Aliyeandika: Auleria Kamugisha.

Ni jambo dogo, joto la mgonjwa. Hata hivyo Auleria alilitazama jina lake kwenye kazi ambayo hakuigusa, akalisoma mara ya pili. Kwa ushahidi huu, yule mama angekufa, angekuwa yeye anayetafutwa. Alimwambia Lusungu achapishe.

Kwa hiyo adabu ya Mbwana ndiyo iliyomweka ndani. Angekuwa mvivu, akaondoka bila kuaga, beji ya mwisho isingekuwa yake.

"Gibson," alisema Auleria. "Njoo ukae."

Gibson alikuja. Hakuvua glavu.

"Watu wote niliowaambia kuwa kompyuta inasema Mbwana aliandika Ijumaa mchana, wamenijibu kitu kimoja. Bi Chausiku, mlinzi wa hospitali, hadi muuza maandazi. Wameniuliza, kwani hakuwa ameenda msikitini? Wewe ndiye uliyekaa hapa, kwa jina lako, ukamshikia. Ulikuwa na sababu ya kushangaa kuliko wote. Hukushangaa."

"Mie nilisema kompyuta..."

"Najua ulichosema. Ungeona jina la mwenzako kwenye kazi ya muda uliokuwa peke yako humu, ungeruka. Labda kama ulishajua ni nani aliyeandika, ukashukuru kwamba jina si lako."

Gibson aliangalia mlango, na Auleria akauangalia pia ili ajue kwamba wote wawili wanaujua mlango. Kisha mabega ya kijana yakashuka.

"Vilikuwa vichupa viwili vya damu, afande," alisema. "Wamama wawili, majina hayafanani hata. Nilivishika vyote mkono mmoja, simu ikaita, nikapokea. Nikaandika cha huyu kwa yule. Nilijua jioni, baada ya... baada ya yeye kufariki. Nikasubiri waje wanichukue. Wakaja wakamchukua Mbwana. Nikasema labda Mungu ameamua."

"Mungu hakuamua kitu," alisema Auleria. "Vua glavu twende."

Walifika kituoni saa tisa imeshapita. Auleria alimkabidhi Gibson kwa askari wa zamu, akaingia kwa Afande Albano na karatasi mkononi, akaanza kueleza akiwa bado mlangoni, mlinzi asiyetazama sura, makoti machache, beji isiyobanduliwa. Afande Albano alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasukuma karatasi nyingine mezani.

"Jalada halijaondoka," alisema, "kwa sababu ya hili. Mchana huu Mbwana ameomba kuandika maelezo. Amekiri."

Auleria alisoma akiwa amesimama. Maelezo ya onyo, saini chini. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuswali. Nilithibitisha damu ya Loveness bila kuangalia. Mimi ndiye niliyesababisha kifo chake. Sitaki wakili.

"Amepigwa?"

"Inspekta!" Afande Albano aliudhika kweli. "Hakuna aliyemgusa. Kasema mwenyewe."

"Na Gibson naye kasema mwenyewe. Hawawezi kuwa wameandika wote. Mlete Mbwana hapa, afande, tafadhali. Usikie ukiwepo."

Mbwana aliletwa pekupeku, suruali ameishikilia kwa mkono kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Alimsalimia Auleria kwa adabu ileile iliyomponza, shikamoo afande, akakaa alipoonyeshwa.

"Haya maelezo ni yako?"

"Ni yangu."

"Unakumbuka ulivyobonyeza?"

"Kompyuta imesema."

"Nimekuuliza unakumbuka."

Mbwana alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Sikumbuki, afande. Nimejaribu sana. Mwanzo nilibisha, mliniona. Lakini jina ni langu, na mie siku hiyo nilikuwa na haraka. Mtu wa haraka atakumbuka nini? Nimekaa humo ndani nikajiuliza, kama si mie, jina langu limefuata nini pale?"

Auleria alimwekea ile karatasi ya Tumbawe. "Soma kwa sauti."

Mbwana alisoma. Joto la mgonjwa, kitanda, tarehe ya leo. Alipofika kwenye jina alisita. "Auleria Kamugisha. Huyu si wewe?"

"Ni mie."

"Wewe umempima mgonjwa joto?"

"Sijamgusa. Nilikuwa maabara, kwenye kiti chako. Nilifungua kompyuta yako nikahakikisha mambo, nikafunga, nikaondoka, kama wewe ufanyavyo Ijumaa. Bi Chausiku akaandika, mfumo ukanisingizia mie. Ijumaa aliandika Gibson. Alichanganya vichupa viwili. Yuko hapo kaunta, ameshasema."

Auleria alitegemea amlaani Gibson, au ashukuru, au aulize atatoka lini. Mbwana aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Kwa hiyo si mie niliyemuua Loveness."

"Si wewe."

"Hebu rudia, afande."

"Si wewe, Mbwana. Hukumuua."

Tangu Jumamosi hakuwa ametoa chozi hata moja. Askari wa mahabusu walishaliandika hilo kwenye ripoti, wakasema ni mtu mkavu, hana majuto. Lakini aliyeua hana uso wa kumlilia marehemu, na kwa siku zote hizo Mbwana alijihesabu ndiye. Sasa aliinamisha kichwa juu ya meza ya Afande Albano akalia kwa sauti, akimwita Loveness kwa jina, kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba. Afande Albano alivua kofia yake. Kisha akamwambia askari atoke, afunge mlango.